Mguu wa Mchungaji Tiedemann

Russell na Joanna Tiedemann walihamia Paso Calandria, mji mdogo wa wafugaji kaskazini mwa Uruguay, wakiwa na binti mmoja, masanduku mengi kupita kiasi, na jukumu la kuanzisha kanisa. Waliotumwa ni wao, waliowatuma ni waumini wa mji mwingine mdogo wa wafugaji kule Nebraska. Maombi yalikuwa yameshafanyika, michango ilishapatikana, na Biblia za Kihispania zilikuwa zimefika kabla yao. Kilichokuwa hakijapatikana ni watu.

Si kwamba wenyeji walikuwa wakali. Taabu ni kwamba walikuwa wapole mno. Ukimkaribisha mtu kanisani anakubali kwa moyo mkunjufu, anakuuliza habari za mama yako aliyebaki Nebraska, anakuchumia malimau uani kwake, na Jumapili humwoni. Nchi yenyewe ilishaachana na mambo ya dini tangu enzi za babu zao, hata Krismasi kwenye kalenda ya serikali imeandikwa Siku ya Familia. Mtu wa Paso Calandria hakumkataa Mungu. Hakuwa tu na miadi naye.

Nyumba waliipanga kwa Nélida Arrascaeta, mjane aliyestaafu ualimu, ambaye mji mzima bado ulimwita Mwalimu kwa sababu karibu kila mtu mzima alijifunza kusoma mbele ya macho yake makali. Upande wa barabarani nyumba hiyo ilikuwa na chumba kirefu kilichokuwa zamani duka la vitambaa la marehemu mumewe. Hicho ndicho Russell alichokipangia viti kikawa kanisa. Mwalimu aliwaeleza mapema kwamba yeye na Mungu hawana ugomvi wowote, ila hawajatambulishwa. Hata hivyo kila Jumapili alikuja, akaketi nyuma kabisa karibu na mlango. Aliyemuuliza aliambiwa kwamba amekuja kuhakikisha hakuna anayepigilia misumari kwenye kuta zake.

Mwaka wa kwanza, aliyeteseka zaidi alikuwa Joanna. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mrefu, mwenye sauti ya kubeba chumba kizima, na alizunguka nyumba hadi nyumba kutafuta marafiki. Kila nyumba alikaribishwa kinywaji chao cha majani machungu, kinachonywewa kwa mrija mmoja kutoka kibuyu kimoja kinachozunguka kwa watu wote. Wao wanakiita mate, na jina ndilo hilo, tufanyeje. Joanna alikunywa, akarudisha kibuyu, akasema asante. Kikazunguka tena, kikamruka. Kikazunguka mara nyingine, kikamruka tena. Alirudi nyumbani akamwambia mumewe kwamba watu hawa ni wakarimu kwa tabasamu lakini kinywaji wanakibania. Ni binti yao Lydia, aliyekuwa na miaka kumi na miwili na ameshaanza kuongea Kihispania kama aliyezaliwa hapo, aliyepata jibu shuleni: ukisema asante, maana yake umetosheka, usipewe tena.

"Kwa hiyo mwaka mzima nimekuwa nikiwafukuza," Joanna alisema.

"Ndiyo, Mama. Wanasema unatosheka haraka sana kwa mtu mkubwa hivyo."

Joanna alicheka mpaka akakaa chini. Wiki hiyohiyo alirudi kwenye zile nyumba zote, hakusema asante hata mara moja, na kwa kuwa mazungumzo hayaishi mpaka maji ya moto kwenye chupa yaishe, alianza kupata marafiki.

Mmoja wao alikuwa Mirta, mke wa muuza nyama. Mumewe aliitwa Washington Berrutti. Russell alipolisikia jina hilo alishangaa, akamuuliza kama wazazi wake waliwahi kuishi Marekani. Washington, ambaye hakuwahi kuvuka makao makuu ya mkoa, alifikiri kidogo akajibu kwamba hapana, baba yake alilipenda tu lilivyosikika, kisha naye akauliza kwa nia njema kama kule Nebraska kuna watu wanaoitwa Montevideo.

Washington hakuja kanisani kwa kuhubiriwa. Jumapili moja alipeleka nyama aliyoagizwa na Joanna, akakuta mahubiri yanaishia, akasimama mlangoni na kifurushi chake akasikiliza. Hakukubaliana na mwisho wake. Jumapili iliyofuata alirudi kusikiliza mwanzo. Baada ya miezi alikuwa bado yupo, na kiangazi Russell alimbatiza mtoni, yeye na Mirta, huku ng'ombe wa jirani wakitazama kutoka ukingoni. Polepole wakaongezeka wengine: wahudumu wawili wa zahanati, dereva wa lori na watoto wake, dada mmoja mwenye duka la nyuzi. Baada ya miaka mitatu walikuwa watu kama ishirini, ukiwahesabu na akina Tiedemann wenyewe, na ukimhesabu Mwalimu, ambaye mwenyewe alikataa kuhesabiwa.

Russell alikuwa mtu mwema na mtu wa utaratibu. Ibada ilianza saa iliyopangwa. Mahubiri yalikuwa na pointi tatu. Na chupa za chai zilibaki nje, kwa sababu aliona si heshima mtu kumsikiliza Mungu huku akivuta mrija. Kumwambia mtu wa Paso Calandria aache chupa yake nje ni sawa na kumwambia aache mkono, maana huishi nayo kwapani, lakini hawakubisha. Waliziacha ukutani kando ya mlango, zikapangana kwenye baridi kama wanafunzi walioadhibiwa. Wakaingia, wakakaa kimya, wakasikiliza, wakampa mkono, wakaenda nyumbani. Russell aliufurahia ukimya ule. Aliuita uchaji.

Jambo moja tu lilimshinda, nalo ni mvua. Ikinyesha Jumapili, haji mtu. Si kwa kuogopa kulowa. Mvua ikinyesha pale, kila nyumba inakanda unga na kukaanga maandazi bapa kwa mafuta ya ng'ombe, na familia inakaa jikoni ikila na kupiga soga mpaka mvua ikatike. Ndivyo ilivyo, hakuna anayejua ilianza lini. Russell aliwahi kuhubiri juu ya jambo hilo, siku ya jua. Walimsikiliza kwa makini sana.

Mwezi wa saba, katikati ya majira ya baridi, bati moja la paa la kanisa lililegea na maji yakaanza kudondokea mimbari. Washington alimsihi Mchungaji asubiri, kuna fundi anarudi Ijumaa. Russell alisema ni bati moja tu, akaweka ngazi. Mwalimu alimwona kutoka dirishani kwake, akatoka na shali lake kumwonya kwamba mbao za upande ule zimeoza tangu mumewe yuko hai. Alikuwa katikati ya sentensi Mchungaji alipomfikia, kwa njia ya mkato.

Mguu ulivunjika mahali pawili. Walimpeleka hospitali ya makao makuu ya mkoa kwa gari la nyama la Washington, amelazwa juu ya magodoro, Joanna kamshika mkono na Lydia kashika ule mguu usitikisike. Alirudi siku chache baadaye akiwa na plasta mpaka pajani, na amri ya kutokanyaga chini mpaka mwisho wa baridi. Chumba chake cha kulala kilikuwa kimepakana na kanisa. Kati yao palikuwa na ukuta wa mbao tu, kwa kuwa zamani kilikuwa stoo ya duka.

Jumamosi Washington alikuja kumwona, kofia mkononi. Alikuwa na hakika ataambiwa kwamba ibada zimesimama mpaka mguu upone. Badala yake Russell alimkabidhi mahubiri yaliyoandikwa yote, ya Waraka kwa Warumi, pointi tatu, Kihispania chake kimesahihishwa na Lydia.

"Mchungaji, mimi nauza nyama," Washington alisema.

"Husomi?"

"Nasoma. Ila kusoma mbele ya Mwalimu ni kitu kingine. Mara ya mwisho nilisimamishwa kwenye kona."

Russell alimtia moyo, akamwombea, na Washington akazikunja zile karatasi akazitia mfuko wa aproni.

Jumapili ilipambazuka na mvua, ile mvua nene ya kutulia, isiyo na haraka. Russell alijilaza, akautazama mguu wake na kujisikia nafuu kidogo, na nafuu ile akaionea haya. Hakuna atakayekuja. Washington hatalazimika kusoma. Yeye mwenyewe akipona ataendelea pale alipoishia.

Kisha akasikia viti vinaburutwa upande wa pili wa ukuta. Akasikia sauti ya Mirta akiuliza kama mtungi wa gesi umefika, na kishindo cha mtungi wa gesi ukifika. Miguu ikazidi. Mtu akacheka. Muda si mrefu harufu ya mafuta ya ng'ombe yanayochemka ikapenya kwenye mianya ya mbao, ikamkuta kitandani.

"Wanafanya nini humo?" alimuuliza Joanna, aliyekuwa mlangoni tayari kavaa sweta lake la Jumapili.

"Wanakaanga," Joanna alisema. "Mirta kasema kama mvua inawaweka watu jikoni, basi jiko lihamie kanisani."

"Ndani ya kanisa?"

"Mvua iko nje, Russ."

Akaenda, Lydia akamfuata mbio. Russell akabaki na ukuta.

Walianza kwa kuchelewa. Waliimba nyimbo ambazo hakuzipanga. Halafu kikasikika kikohozi cha Washington, kirefu, kikifuatiwa na maelezo kwamba mahubiri ya Mchungaji yalikuwa mazuri sana lakini yamedondokewa na mafuta na ukurasa wa pili umekuwa kioo. Kwa hiyo atasoma habari nyingine inayohusu mambo ya paa, kwa kuwa ndiyo yanayotukabili. Akasoma polepole, kidole kikifuata mstari bila shaka, kile kisa cha mtu aliyepooza aliyebebwa na rafiki zake wanne, wakakuta mlango umejaa watu, wakapanda juu, wakatoboa paa, wakamshusha mbele ya Yesu.

Russell alikijua kisa hicho. Alishakihubiri palepale, mwaka wa pili, na kiliwapita watu kimya kama treni ya usiku. Sasa alisikia kiti cha nyuma kikilia, na sauti aliyoitambua.

"Washington," Mwalimu alisema, "hilo paa nani alilitengeneza?"

Mrija ukavuta hewa mwisho wa kibuyu, krrr, na Russell akajua chupa zimeingia ndani.

"Haijaandikwa, Mwalimu."

"Najua haijaandikwa. Nimesikia. Nakuuliza wewe."

"Labda wale rafiki wanne."

"Wale rafiki wanne walikuwa na haraka ya kwenda kusherehekea. Mwenye nyumba alibaki na tundu."

Watu wakacheka, na dereva wa lori akasema yeye kama mwenye nyumba angefurahi, maana tundu ndilo ulilopitia muujiza. Dada wa duka la nyuzi akamwambia anasema hivyo kwa sababu nyumba yenyewe amepanga. Mmoja wa wahudumu wa zahanati akauliza kwa nini watu wa mlangoni hawakusogea tu, mgonjwa apite, kila siku yeye anakutana na watu wa namna hiyo. Hapo mtu akasema kwa sauti ya chini kwamba pengine watu wa mlangoni ni sisi. Mirta akasema haya kuleni, yanapoa. Wakala. Wakaendelea kubishana wakitafuna.

Kitandani, Russell alikuwa ameinuka kwa viwiko. Alikuwa na jibu. Alikuwa na majibu matatu, kwa mpangilio. Joanna alipochungulia kumletea sahani alimkuta anajaribu kuuteremsha mguu wa plasta.

"Nisaidie nifike mlangoni tu," alisema. "Niwaambie jambo moja."

Joanna alifunga mlango nyuma yake. Alikaa ukingoni mwa kitanda, sahani mapajani.

"Usiende," alisema. "Ukiingia, watanyamaza."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama anavyosema mvua inanyesha. Russell alimtazama, akaurudisha mguu kitandani, akageukia dirishani. Upande wa pili wa ukuta walikuwa wanacheka tena. Miaka mitatu aliwahubiria watu wale kwa moyo wake wote na hakuwahi kuwasikia wakicheka wote pamoja.

"Waliniogopa?" aliuliza hatimaye.

"Walikuheshimu. Walidhani ndivyo unavyotaka."

"Ndivyo nilivyotaka," Russell alisema, na hilo ndilo lililomuuma.

Hakula. Mchana wote alikuwa mzito, hata Lydia alipomwigizia Mwalimu na Washington kwa sauti zao hakutabasamu. Lakini jioni njaa ilimshinda, akala maandazi yaliyopoa, yote.

Jumatatu Washington alikuja na aproni yake, uso wa mtu aliyevunja sahani ya watu. Alizirudisha zile karatasi, zinapitisha mwanga. Akaomba radhi kwa ajili ya jiko, na chupa, na kelele, na kwa kutosoma Warumi. Russell alimwacha amalize. Kisha akamuuliza swali lililomkosesha raha tangu jana.

"Mwalimu alipokuuliza lile paa nani alilitengeneza. Ulitaka kumjibu nini?"

"Sikuwa na jibu, Mchungaji. Wewe ulikuwa nalo?"

Russell alifikiria majibu yake matatu. Hakuna hata moja lililokuwa la paa.

"Hapana," alisema.

Wakatazamana, na Washington ndiye aliyeanza kucheka, kidogokidogo, kwa adabu, mpaka Russell naye akashindwa, akacheka huku ameshika paja kwa maumivu. Walipotulia alimwomba aendelee Jumapili ijayo, asome chochote anachokielewa, na asichokielewa aseme hakielewi. Na mlango wa chumba uachwe wazi kidogo, kama haitawasumbua.

Hivyo ndivyo majira ya baridi yalivyokwenda. Si kila Jumapili ilikuwa nzuri. Kuna siku Washington alijichanganya kabisa kati ya Yohana mmoja na mwingine, na siku moja dereva wa lori na mhudumu wa zahanati waligombana juu ya kusamehe mpaka wakaacha kusalimiana, wakahitaji wiki mbili na maandazi mengi kupatana. Russell kitandani aliuma shuka. Baadaye mmoja mmoja walianza kupita chumbani kwake baada ya ibada kumuuliza walichokwama nacho, na alijikuta akieleza kwa sauti ya kawaida, ameketi, bila pointi, vitu alivyojifunza kwa miaka na hakuwahi kupata wa kumuuliza.

Plasta ilipotolewa aliingia kanisani kwa mkongojo. Mara moja chumba kikanyamaza. Mtu mmoja akasukuma chupa yake chini ya kiti kwa kisigino. Washington akainuka haraka kumpisha mbele.

Russell hakwenda mbele. Alikwenda nyuma, akajishusha kwenye kiti kando ya Mwalimu, akanyoosha mguu, akaomba kibuyu. Mwalimu alimtazama juu ya miwani kama anayemsahihishia insha. Kisha akainama, akatoa chupa iliyokuwa chini ya shali lake, akamimina. Mchungaji alivuta mpaka mrija ukalia, akarudisha bila kusema asante.

"Endelea, Washington," Mwalimu alisema. "Tunapoteza muda."

Tangu siku hiyo wakawa wanapokezana, Mchungaji wiki hii, Washington wiki ile, na hata wiki za Mchungaji watu walizoea kumkatiza. Alizoea na yeye, si kwa siku moja.

Majira ya machipuko yalipofika, shemeji yake Mirta, aliyeishi Tres Zanjas, mji mdogo zaidi upande wa kusini, aliuliza kama hawawezi kwenda na kwake. Nyumba anayo, watu anao, mtu wa kusoma hana. Tiedemann walikuwa wametumwa kwa ajili ya mambo kama haya hasa, na Russell alianza palepale kuulizia ratiba ya basi. Ila walipoketi kuzungumza, Joanna na Mirta walikuwa wameshaliona jambo kabla ya waume zao. Shemeji hakumwomba Mchungaji. Alimwomba Washington.

"Siwezi," Washington alisema. "Basi linaenda Alhamisi. Alhamisi ni siku ya nyama mpya. Nani atakaa dukani?"

Russell aliitazama mikono yake. Alikulia kwenye shamba la ng'ombe. Kisu hakikuwa kigeni kwake.

"Nitakaa mimi," alisema.

Kule Nebraska, alipowaeleza kwa simu kwamba kanisa jipya linaanza na yeye siku hiyo atakuwa anauza nyama, waliomsikiliza walimwomba arudie, wakidhani laini ni mbovu.

Alhamisi ya kwanza foleni ilifika barabarani, na nusu yao walikuja kutazama tu. Mchungaji wa futi sita na ushee, aproni ya Washington imeishia juu ya magoti, alikata mbavu nene kama vitabu na kumwomba kila mtu samahani. Bibi mmoja alirudisha nyama yake mara mbili. Mwingine alimfundisha kushika msumeno, na wa tatu akamwambia huyo wa pili hajui chochote. Kufikia saa sita alikuwa amelowa jasho, na alikuwa ameongea na watu wengi kuliko alioongea nao mwaka wake wa kwanza wote.

Mwalimu alikuja Alhamisi ya tatu, mchana, wakati duka tupu. Aliagiza nusu kilo ya nyama ya kusaga. Russell alipowasha mashine, yeye akaongea, kwa sauti kubwa ili asikike juu ya ngurumo, macho kwenye kalenda ya ukutani.

"Nina dada yangu, yuko mjini Salto. Amelazwa. Wanasema ni moyo."

Russell alizima mashine.

"Mimi siamini," Mwalimu aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Hilo unalijua, na sitaki tulizungumze. Lakini wewe unaamini, na dada yangu ni mgonjwa. Anaitwa Hortensia."

Russell alipangusa mikono. Aliomba palepale, kaunta ikiwa kati yao, maneno machache, ya kawaida, akimtaja Hortensia kwa jina, na moyo wake pia. Mwalimu hakufumba macho. Russell alipomaliza, alimfungia nyama, naye akaipokea na kuitia kapuni, akaweka shali sawa.

"Alhamisi ijayo utakuwepo?" aliuliza akiwa mlangoni.

"Nitakuwepo."

"Basi nitapita kukwambia anaendeleaje," alisema Mwalimu, akatoka kwenye jua.